Komwe ya mjomba na mpapindi wa Ngezi

Nilizimwaga kete za bao la mjomba ndani ya ndoo ya maji. Zote 64. Wachezaji walikuwa wameinuka kwenda kusali laasiri, baraza limebaki tupu, nami nikadhani mchezo umekwisha. Kumbe haujesha. Mjomba aliporudi akakuta bao halina hata kete moja, na mimi nimechutama kando ya ndoo kama mtoto anayeogesha bata.

"Mjomba," akaniambia (sisi huitana hivyohivyo, yeye na mimi), "nyumba yangu ilikuwa na kete kumi na nne."

Sikuwa na la kujitetea. Nikamwonyesha ndoo. Kete 51 zilikuwa zinaelea, zimejibanza ukingoni. Kete 13 zimelala chini. Akatazama, akakuna ndevu, akasema amezicheza komwe hizi tangu hajabaleghe na hakuwahi kujua kuwa zina tabia mbili. Kisha akaniagiza nizifute moja moja kwa kitambaa kikavu, maana kete yenye maji huteleza mkononi, na watu walikuwa wanarudi.

Nilikuwa nimetoka Dar kuja Pemba kwa wiki mbili, nikakaa kwake, si mbali na Konde. Kwa miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimenaswa na swali moja ambalo kila nikilieleza mjini watu hunitazama kama nimekosa kazi: maua yalifikaje visiwani? Kisiwa kinachozaliwa na volkano katikati ya bahari huibuka kikiwa jiwe tupu la moto. Hakina udongo wala jani. Ukirudi baada ya miaka milioni moja unakuta msitu, na ndani ya msitu maua ambayo hayapo pengine popote duniani. Yametoka wapi? Na kwa nini hayafanani tena na ya huko yalikotoka?

Jibu la nusu ya kwanza nilikuwa nimelishika mkononi bila kujua.

Komwe ni mbegu ya mkomwe. Ina rangi ya kijivu kama wingu la masika, ukubwa wa gololi, na ugumu ambao meno hayauwezi. Mmea wenyewe hauna urafiki na mtu. Ni kichaka kinachotambaa juu ya vichaka vingine kandokando ya pwani, miiba yake imepinda kama ndoana, ukiingia wewe unatoka lakini shati linabaki. Hata ganda la tunda limevaa miiba, na ndani yake mara nyingi mna mbegu mbili. Nilipasua moja niliyoiokota ufukweni, kwa nyundo, na ilibidi nipige mara nne. Ndani nikakuta kwamba nyama ya mbegu haikujaza ganda lake; katikati pana uwazi. Ni hewa. Hewa hiyo ndiyo boti. Nadhani zile 13 za mjomba hazikuachiwa uwazi wa kutosha.

Sasa, mwaka 1696 daktari mmoja wa London, Hans Sloane, aliandika kuhusu mbegu za ajabu ambazo mawimbi huzitupa kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa ya Uskoti, mahali pa baridi ambapo mkomwe hauwezi kuota hata ukiuombea dua. Mojawapo ilikuwa ya duara, rangi ya majivu. Sloane aliitambua kwa kuwa aliwahi kuishi Jamaika na kuiona ikiota huko. Jina la Kiingereza walilokuwa wakiiita lilitokana na gololi za watoto. Nilicheka niliposoma. Mwingereza ameiona komwe na fikra iliyomjia ni mchezo, kama sisi. Na kule Antigua, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani wanacheza warri, ndugu wa damu wa bao letu, kwa kete 48, na kete zenyewe ni komwe hizihizi. Bahari na watu wamefika na kitu kimoja kila mmoja kwa njia yake.

Charles Darwin naye alikaa na chupa za maji ya chumvi nyumbani kwake, akaloweka mbegu za aina 87 aone zipi zitabaki hai. Baada ya siku 28, aina 64 ziliota. (Ndiyo, 64. Mjomba alipenda sana hesabu hiyo.) Chache zilivumilia hata siku 137. Kikwazo kilikuwa kwamba mbegu nyingi, ingawa zilikuwa hai, zilizama. Uhai bila kuelea haumfikishi mtu ng'ambo. Basi akageukia ndege. Aliletewa mguu wa kwale ulioganda donge la udongo, donge lililokuwa limekaa miaka 3 likiwa kavu. Akalivunja, akalimwagia maji, ikaota mimea 82. Mguu mmoja wa ndege mmoja.

Siku ya nne nikachukua baiskeli mpaka Vumawimbi. Njia ya kwenda huko inapita katikati ya msitu wa Ngezi, kwa hiyo unauvuka kwanza na kuuacha nyuma ndipo mchanga mweupe ufunguke mbele yako. Ndivyo ilivyokuwa bahati yangu, kwamba nilianza na ufukwe kisha nikaingia msituni wakati wa kurudi. Ningeanza msituni nisingeona kitu.

Ufukweni nilikuta mimea ninayoijua. Mkungu umeinamisha matawi yake yanayotanda kama sinia. Mtondoo, na chini yake tunda la duara kama mpira mdogo. Mtambaazi wenye maua ya zambarau unaotanda juu ya mchanga, ule ambao jani lake limegawika kama kwato ya mbuzi. Mvinje. Ukinihamisha usiku nikiwa nimelala ukaniweka kwenye ufukwe wa Ushelisheli, wa Sri Lanka, wa Maldivi, nikiamka nitaiona mimea hiyohiyo karibu yote, na itanichukua muda kujua kuwa nimehamishwa. Tunda la mkungu lina nyama kama gome laini inayoelea wiki nyingi. Tunda la mtondoo vilevile. Mtambaazi wa zambarau mbegu zake zinaelea pia. Hawa ndio mabaharia.

Nikarudi kilomita chache, nikaingia Ngezi na mlinzi wa msitu. Kiza cha ghafla, unyevu, sauti za ndege juu. Na hatua chache kutoka njiani, mpapindi.

Niseme ukweli, mara ya kwanza haukunishtua. Ni mti wa jamii ya minazi, mwembamba, shina lake lina pete pete kama mwanzi, makuti yake yamechanua vizuri, matunda yake madogo mekundu. Ukiuona mbele ya hoteli utadhani ni pambo lililonunuliwa. Lakini mti huu, kwa asili yake, hauko Unguja. Hauko Tanga wala Mombasa. Uko Pemba tu, na Pemba kwenyewe kimbilio lake kubwa ni msitu huu uliobaki. Na jamaa zake, wote, wako Madagaska, Bukini ya wazee wetu, ambako ni wengi mno, na wachache Komoro. Barani Afrika hana ndugu hata mmoja wa jenasi yake. Bara liko kilomita 50 hivi kutoka hapa. Madagaska iko mbali mara nyingi zaidi.

Hapa jiografia inataka kusikilizwa. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati barafu imefunga maji mengi kaskazini ya dunia, bahari ilishuka kama mita 120, na Unguja na Mafia zikawa sehemu ya bara. Chui na kima wangeweza kwenda kwa miguu, na walikwenda. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, karibu 800. Bahari iliposhuka, Pemba ilibaki kisiwa. Kwa hiyo vingi vilivyokuwapo humu yaelekea vilifika kwa kuelea au kwa kuruka, au kwa kubebwa tumboni mwa kinachoruka. Juu ya mipapindi ya Ngezi hupita popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso wa mbweha, ambaye naye jamaa zake wametapakaa Madagaska, Komoro, na Asia hadi Pasifiki, lakini bara la Afrika hawakulikanyaga. Kuna ninga wa Pemba, mla matunda, asiyepatikana pengine. Nani alimbeba babu wa mpapindi? Matunda mekundu yenye nyama ni tiketi inayolipwa kwa ndege au popo. Zaidi ya hapo sitamtaja mtu kwa jina.

Nikiwa nimesimama pale ndipo lile jambo lilinijia, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mimea ya ufukweni ndiyo mabingwa wa kusafiri, lakini haikuwa kitu kipya popote. Mkomwe ni mkomwe Pemba, mkomwe Jamaika. Mpapindi, ambao ulisafiri pengine mara moja tu na kwa kubahatisha, ndio uliogeuka.

Nimejaribu kumweleza mjomba kwa mfano wa lugha, na alinielewa haraka kuliko rafiki zangu wenye digrii. Kiswahili cha bandarini hakipotei mbali na cha bandari nyingine. Kila wiki jahazi linaingia, mabaharia wanashuka, maneno yanarekebishana. Ukianza kusema ovyo kuna mtu wa Lamu au wa Mombasa atakucheka. Lakini chukua familia moja, itie kwenye kisiwa cha mbali, kata safari zote. Vizazi ishirini baadaye hutashika wanachosema. Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, lakini msikilize Mngazija akizungumza na mama yake nyumbani, utaokota neno hapa neno pale. Mimea nayo ni hivyo. Komwe mpya ikifika kila baada ya miaka michache, vinasaba vyake vinachanganyika na vya wenyeji na kuwarudisha kwenye mstari. Mmea uliofika mara moja kwa ajali hauna anayekuja kuusahihisha. Unalowea. Na ukishalowea unaanza kufuata mvua ya pale, udongo wa pale, wadudu wa pale, hadi siku moja anakuja mtaalamu na kuandika kuwa hii ni spishi nyingine.

"Kwa hiyo anayekaa ndiye anayebadilika," mjomba akasema, huku anasogeza kete. Nilitaka kumbishia lakini hakukuwa na la kubishia.

Ajali hizi, hebu nitaje moja ambayo mpaka leo ikinijia kichwani naacha ninachofanya. Kwenye milima ya kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kuna mti wa jamii ya mikakaya ambao Wafaransa wameufanyia samani kwa karne kadhaa. Hawaii, katikati ya Pasifiki, kuna mti uitwao koa, ambao Wahawaii walichongea mitumbwi. Watu waliona mapema kuwa miti hii miwili inafanana mno, wakabishana. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba: mti wa Réunion ni mtoto wa ule wa Hawaii. Safari ilitokea mara moja, takriban miaka milioni 1.4 iliyopita, umbali wa kilomita 18,000. Hiyo ni karibu nusu ya mzunguko wa dunia. Kutoka nukta ndogo katikati ya bahari moja hadi nukta ndogo katikati ya bahari nyingine, na mbegu hizo hazikujaaliwa kuvuka maji ya chumvi. Wanaotuhumiwa ni ndege wa baharini, wale wanaozurura miezi bila kukanyaga nchi na kujenga viota milimani. Uwezekano wake katika mwaka wowote ni kama hakuna. Ila kisiwa kina miaka mingi ya kusubiri.

Na tusicheke ajali za baharini, kwa maana moja ilitupata wenyewe. Desemba 2004, pale Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mkubwa wa Aldabra alitoka baharini kwa miguu yake mwenyewe. Aldabra iko kama kilomita 740 kutoka hapo. Miguu yake ilikuwa imeganda viumbe wadogo wa baharini wenye magamba, wale wanaoganda kwenye matumbo ya majahazi, ishara kwamba alikuwa majini kwa wiki nyingi. Kobe hao hula matunda na kutoa mbegu zikiwa hai. Sisemi huyu alibeba chochote. Nasema alifika.

Kufika, hata hivyo, ni robo ya kazi. Ua lililofika peke yake lina tatizo la mwanamke au mwanamume aliyefika peke yake: azae na nani? Mimea mingi inahitaji chavua kutoka mmea mwingine, na mara nyingi inahitaji mdudu maalumu wa kuibeba. Mbegu moja iliyoangukia kisiwa kitupu ikikua na kuchanua bila mwenzake na bila mdudu wake, itachanua, itanyauka, na habari yake imekwisha. Wanaofaulu mara nyingi ni wale wanaoweza kujichavusha wenyewe, au wasiochagua mchavushaji.

Ushahidi wa asiyefaulu uko karibu nasi, kwenye mashamba ya viungo ya Unguja na milima ya Komoro: vanila. Asili yake ni Meksiko. Wafaransa waliipeleka Réunion, wakati huo ikiitwa Bourbon, mnamo miaka ya 1820 hivi. Ikaota vizuri, ikapanda miti, ikachanua. Haikuzaa. Nyuki wake alibaki Meksiko, na ndani ya ua la vanila kuna kijiutando kinachotenganisha upande wa kiume na wa kike, kama pazia la chumba cha harusi lisilo na wa kulifunua. Ua lenyewe hukaa wazi siku moja tu. Karibu miaka 20 ilipita hivyo. Mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akachukua kijiti chembamba, akainua kile kijiutando, akasukuma chavua kwa kidole gumba. Basi. Ndiyo njia inayotumika hadi leo, Madagaska, Komoro, na kwenye lile shamba ambapo mtembezaji wageni alinionyesha kwa kijiti cha mchungwa, kwa sekunde mbili, bila kukatisha mazungumzo yake ya simu. Albius alikufa maskini mwaka 1880. Utajiri wote wa vanila ya Bahari ya Hindi umepita kwenye kidole chake.

Vanila ni ua la jamii ya okidi, na okidi nyingine za Réunion hazikumpata Albius. Zilijipanga upya zenyewe, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Madagaska kuna kundi la okidi zinazoitwa Angraecum. Maua yake ni meupe kama nyota, yananukia usiku, na nyuma yake unaning'inia mrija mrefu wenye nekta chini kabisa. Moja ina mrija wa sentimita 30 hivi. Darwin alipoiona mwaka 1862 alisema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo, watu wakacheka, na mwaka 1903 nondo akaelezwa na wataalamu. Mbegu za okidi ni vumbi. Upepo unaweza kuzichukua mamia ya kilomita. Baadhi zikavuka hadi Réunion. Nondo wao hakuwapo kwa namna waliyomzoea.

Vizazi vikapita. Sasa Réunion kuna okidi za ukoo huo ambazo mrija umefupika na harufu imetoweka, na wanaozichavusha ni ndege wadogo. Ukoo uliozoea nondo wa usiku umeolewa na ndege wa mchana. Moja wao, Angraecum cadetii, haikuwa na ndege wala nondo, na watafiti hawakujua nani anaihudumia, mpaka walipoiwekea kamera za usiku. Aliyetokea ni nyenje. Nyenje asiye na mbawa, mwenye papasi ndefu kuliko mwili, anapanda jani polepole, anaingiza kichwa kwenye ua, anakunywa, na anatoka na vifurushi vya chavua vimeganda kichwani kama kilemba kidogo. Wataalamu hawakuwa wakimjua nyenje huyo kabla ya hapo. Nyenje wa kawaida, kama unavyojua, anakula maua. Habari zilichapishwa mwaka 2010. Nimeiangalia ile video mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kulowea kuna mambo mengine. Kishonanguo sote tunakijua. Ukipita kwenye majani unarudi suruali imejaa vijiti vyeusi vyenye meno mawili. Vile vijiti ni mbegu, na meno ni ya kuganda kwenye manyoya. Jamaa ya kishonanguo ilifika Hawaii, inaelekea imeganda kwenye mbawa za ndege, na huko ikazaa spishi 19 hivi. Baadhi yao, waliohamia msituni ndani, wamepoteza meno. Mbegu hazigandi tena. Ukiwa kwenye kisiwa kidogo, anayependa kusafiri anaishia baharini. Aliyebaki karibu na mama yake ndiye anayezaa. Mtoto wa baharia ameuza ngalawa.

Wengine hugeuka miti. Galápagos kuna Scalesia, ukoo wa alizeti, spishi 15, na mojawapo hufanya msitu mzima. Wenzetu wa Moshi watasema hilo si geni, na wako sawa. Ile miti ya ajabu ya sehemu za juu za Kilimanjaro, senesio yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi kubwa, ni ukoo huohuo wa alizeti. Kwa mmea unaopenda baridi, kilele kimoja na kingine ni visiwa, na joto la nyanda za chini ndiyo bahari. Uchunguzi wa vinasaba wa 1995 ulionyesha kuwa zilianzia Kilimanjaro, kisha zikaruka Meru na milima mingine mpaka Ruwenzori, na kila mlima ukatoa umbo lake.

Na mwisho wa njia hiyo uko Praslin, Ushelisheli: nazi kubwa iitwayo coco de mer, yenye umbo la nyonga za mwanamke, ambalo mabaharia waliliona likielea wakashindwa kuzuia ndimi zao. Mbegu nzito kuliko zote duniani, hufika kilo 25. Ikiwa mbichi na hai inazama. Inayoelea imekwisha oza ndani. Ndiyo maana karne nyingi watu waliokota maganda matupu Maldivi, wakaipa nazi hiyo jina la Maldivi, wakaiuza kwa wafalme, na hakuna aliyejua mti uko wapi. Ushelisheli si visiwa vya volkano katika sehemu hiyo, ni kipande cha bara kilichoachwa nyuma India ilipoondoka, kwa hiyo mnazi huu una historia yake tofauti. Lakini ukitaka picha ya mmea ulioapa kutosafiri tena, ni huo.

Gharama yake unaijua kabla sijaisema. Asiyejua kuondoka, siku ya kuondolewa hana pa kwenda. Mabaharia waliacha mbuzi kwenye visiwa ambavyo mimea yake haikuwahi kuona meno ya mbuzi. Morisi imebakiwa na chini ya asilimia 2 ya misitu yake ya asili. Kisiwani Rodrigues kulikuwa na ua jeupe la jamii ya kahawa lililodhaniwa limekwisha kabisa, mpaka karibu mwaka 1980 mwanafunzi mmoja, baada ya mwalimu kuonyesha picha darasani, akasema kuna kichaka kama hicho karibu na kwao. Kilikuwa kimoja. Kimoja tu duniani. Ikabidi kijengewe uzio, kwa kuwa habari ilipoenea watu walianza kukata matawi yake kwa ajili ya dawa. Vipandikizi vilipelekwa bustani ya Kew, London, mwaka 1986, vikachanua mwaka baada ya mwaka bila mbegu. Mbegu zilipatikana 2003.

Pemba yetu iliukata msitu kwa ajili ya karafuu, na karafuu nayo ni mti wa visiwa, wa Maluku huko Indonesia, ulioletwa na watu. Simlaumu mtu. Ada zangu za shule zililipwa na karafuu. Mlinzi wa Ngezi alinionyesha miche ya mpapindi chini ya mama yao, iliyobanana, kila mmoja na majani mawili, hakuna uliokwenda mbali zaidi ya nilivyoweza kurusha jiwe.

Niliporudi Dar, nikifua, nikakuta komwe mfukoni mwa suruali. Mjomba alikuwa tayari amepiga simu mara mbili. Kete zake ni 63. Wameziba pengo kwa kokoto, na wachezaji wanalalamika kuwa kokoto haikai vizuri mkononi, na kwamba kila anayeshindwa anaisingizia. Nimemwahidi nitaituma na mtu anayekwenda.

Sijaituma bado. Iko kwenye glasi ya maji ya chumvi, juu ya friji. Leo ni siku ya 19, na inaelea.